Toleo la Mwisho la Kandili

Jumapili, 2 Novemba

Tumeanza kuchuma zeituni. Majirani wote sasa wana zile mashine za betri zinazotikisa matawi, lakini Baba hataki hata kuzisikia. Amevaa pembe zake za mbuzi vidoleni, akapanda ngazi, akawa anachana matawi kama mama anayemchana bintiye nywele, na zeituni zikawa zinanyesha kwenye nyavu. Nilimwambia mzee wa umri wake hukaa chini akapepeta majani. Akanijibu kwamba siku atakayokaa chini nimletee sanda.

Jumatatu, 3 Novemba

Si Munsif, yaani Bwana Munsif, mhariri na mwenye gazeti letu la Kandili, ametuita ofisini kwake mimi na Naufal, wasanifu wa kurasa wawili tuliobaki. Zamani wasanifu tulijaza chumba. Ametuambia gazeti litachapwa mara ya mwisho mwishoni mwa Desemba. Baada ya hapo litakuwa mtandaoni tu, na kurasa za mtandaoni zinajipanga zenyewe. Alisema hivyo hivyo, zinajipanga zenyewe. Waandishi wachache watabaki. Wasanifu hawahitajiki.

Nikamwuliza kama wasomaji wameshaambiwa. Akasema wasomaji ndio waliotuambia sisi, kwa kuacha kununua.

Naufal hakubadilika hata uso. Alikuwa anazungusha simu mkononi kama tasbihi. Yeye ni kijana, anajua kutengeneza picha za video na matangazo ya simu, na nadhani alijua mapema. Mimi nimepanga kurasa za gazeti hili tangu nilipotoka chuoni. Najua jicho la msomaji linaingilia wapi kwenye ukurasa, linapumzika wapi na linatokea wapi. Si ujuzi wa kutandaza pale soko la Bab Jebli na kuita wanunuzi.

Baba sijamwambia.

Alhamisi, 6 Novemba

Gazeti limetoka. Baba amelisoma lote, mpaka matangazo ya vifo. Sikumwambia.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua. Hakuna kuchuma.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimegombana na Naufal jikoni, pale ofisini, kahawa ikiwa motoni bado. Nilimkuta anajaribu picha zinazochezacheza kwa ajili ya hiyo tovuti mpya. Nikamwambia amekuja matangani na sahani yake mkononi.

Hakukasirika. Alisema, "Dada Jalila, marehemu sikumuua mimi. Na njaa ninayo."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Sitaki kumpenda mtu huyu.

Alhamisi, 13 Novemba

Gazeti limetoka. Si Munsif amepita mezani kwangu na kusema ukurasa wa mbele umependeza. Nilimjibu asante bila kuinua macho. Mwoga anayesifu jeneza.

Jumatatu, 17 Novemba

Naandika ya siku mbili, maana jana sikuwa na mkono wa kushika kalamu.

Jana Baba alianguka. Nilikuwa upande wa pili wa mti, nakusanya ncha za wavu, nikasikia ngazi inakwaruza gome, kisha kishindo, kisha kimya. Nilipozunguka nilimkuta amelala chali juu ya zeituni, pembe bado vidoleni, anatazama juu. Akaniambia nitazame nilipokanyaga, nazivunjavunja. Mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Jirani alitupeleka hospitali kubwa kwa gari lake la kubebea magunia. Usiku ulipita wakimtuliza maumivu. Leo asubuhi wakanikabidhi kiti cha magurudumu na karatasi, wakaniambia nimpeleke eksirei, jengo la pili, ni rahisi tu.

Haikuwa rahisi. Ukutani kumebandikwa karatasi juu ya karatasi, nyingine za mkono, nyingine zimechapwa zamani, Kiarabu juu na Kifaransa chini, na Kifaransa chenyewe kinataja idara iliyohamishwa. Mshale wa eksirei unaelekea kwenye ukuta mtupu. Nikafuata mwingine, ukanirudisha mlangoni. Kila magurudumu yalipopita kwenye kiungo cha vigae, Baba aliuma skafu yake. Kila niliyemwuliza alinielekeza kwa upole, na kila mmoja upande wake.

Kwenye ngazi za jengo la pili alikuwa amekaa mama mzee amejifunga safsari, lile shuka jeupe la akina mama, kikapu miguuni. Anaitwa Khalti Mabruka, ametoka Jbeniana kwa gari la kwanza la alfajiri kuja kliniki ya macho. Alifika mapema kuliko madaktari. Alipoupata mlango wenyewe ukawa umefungwa, wamempa siku nyingine, majira ya kuchipua. Hakuwa analia. Alikuwa anapumzika tu kabla ya safari ya kurudi.

Nilimwuliza kama hakupata mtu wa kumsomea vibao.

"Kusoma najua, mwanangu," alisema. "Karatasi zote nimezisoma. Kila moja imenipeleka kwa mwenzake."

Nikamwachia maji niliyokuwa nayo, nikaendelea kusukuma. Tulipokwama tena kwenye korido, mbele ya ukuta uliojaa karatasi kuanzia kiunoni hadi darini, Baba akanishika mkono nisimame. Alikuwa kijivu kwa maumivu. Akautazama ule ukuta kwa muda, kama anavyotazama ukurasa wa mbele kila Alhamisi.

"Ukurasa huu nani kaupanga?" akauliza.

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na kwa kweli hayakuwa ya kicheko yote.

Amevunjika muundi. Wamemfunga plasta kutoka kwenye goti, na hatakanyaga mpaka mwaka mpya.

Jumatano, 19 Novemba

Baba amerudi nyumbani. Nimemwekea kitanda karibu na dirisha aone mizeituni, kosa kubwa, sasa anamhesabia jirani kila tawi aliloruka kwenye mizeituni yake mwenyewe. Nilipompelekea supu ya samaki na mkate wa shayiri nikajikaza, nikamwambia habari ya Kandili. Akaendelea kumega mkate. Akasema mwuza magazeti alimwambia tangu wiki ya kwanza.

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza.

"Habari ni yako," akasema. "Nilikuwa nakusubiri uniletee."

Jumamosi, 22 Novemba

Jua zuri. Jirani amekuja na mashine yake ya betri kutusaidia. Baba amekubali kwa sharti nifunge pazia asiione.

Jumatatu, 24 Novemba

Ule ukuta hauniachi. Nimelala nao, nimeamka nao. Leo nimekwenda hospitali nikiwa na mchoro wa korido nzima, nimeweka alama kila mahali tulipokwama na Baba, nikamwomba muuguzi mkuu anipe nafasi. Anaitwa Bi Shadliya, mwanamke mrefu, sauti yake inafika kabla yake. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni mpanga kurasa wa gazeti.

Akasema, "Dada, hapa hatuna kurasa. Tuna wagonjwa."

Nikamsimulia habari za Khalti Mabruka. Alisikiliza amesimama, mara mbili akiitwa na kukataa kwenda. Akasema watu wa namna hiyo wapo kila siku, na wauguzi wake nusu ya zamu wanakuwa vibao vinavyotembea. Kisha akauchukua mchoro wangu akaenda nao kwa mkurugenzi, mimi nikabaki mlangoni kama mwanafunzi aliyeletwa na mzazi.

Mkurugenzi ameruhusu nijaribu orofa ya chini ya jengo la pili tu, yenye eksirei, maabara na macho. Kwa karatasi kwanza. Hakuahidi kitu. Nimerudi nyumbani kwa miguu, njia nzima harufu ya mashudu ya zeituni kutoka vinu, wala haikunikera.

Jumapili, 30 Novemba

Nimechora mfululizo. Herufi ni zile za vichwa vyangu vikubwa vya habari, zenye mikia mirefu, nilizozinoa miaka yote hii. Neno "Maabara" limekaa kama bibi harusi. Naufal aliona kwenye kompyuta yangu juzi akauliza kama nataka msaada. Nilimwambia hapana.

Jumatano, 3 Desemba

Leo nimeaibika, na ni afadhali niandike kila kitu, maana kesho nitajitafutia visingizio.

Asubuhi na mapema nilivibandika vibao vyangu vya karatasi na Bi Shadliya akaziondoa zile takataka za zamani kwa mikono yake. Korido ikawa safi kama msikiti kabla ya Idi. Wauguzi walikuja kuvitazama, mmoja akavipiga picha. Nikakaa kwenye benchi kuvuna sifa zangu.

Wakaanza kuja watu. Akaingia mkulima, matope ya shambani bado viatuni, ameshika karatasi ya daktari. Alipofika chini ya kibao changu cha maabara akasimama, akainua uso, akakitazama. Akakitazama vizuri kabisa. Kisha akageuka kwangu.

"Samahani, dada. Maabara iko wapi?"

Nikamwonyesha kibao. Akasema, "Hiki? Mimi nilidhani ni aya ya Kurani." Akaomba radhi, akaenda.

Baada yake wakaja wengine, wakawa wanaganda hapo hapo, korido ikaziba, mtu mwenye kitanda cha magurudumu akaanza kupiga kelele apishwe. Kufika adhuhuri wauguzi walikuwa wanaelekeza watu kwa mikono kama jana.

Naufal alikuwepo. Sikumwita. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango tangu nilipofika, mimi nikidhani ni ndugu wa mgonjwa, maana alijifunika kofia ya kashabia, joho lake la sufu. Alipoona nimeinamisha kichwa akaja akakaa karibu yangu. Hakucheka. Akaniambia hakuwa anaangalia vibao hata kidogo, alikuwa anaangalia miguu ya watu, inasita wapi. Inasita hatua chache kabla ya pale nilipoweka vibao. Mtu huamua njia kabla hajafika kwenye kona, na mimi nilimwandikia kwenye kona yenyewe.

Nikamwuliza na herufi je.

"Ni nzuri, dada," akasema. "Hilo ndilo tatizo. Watu wanasimama kuzitazama."

Nikamwambia yeye hajui chochote kuhusu herufi, amezaliwa kwenye simu. Nikabandua vibao vyangu vyote mbele za watu, nikaondoka. Kimoja kilichanika.

Alhamisi, 4 Desemba

Gazeti limetoka. Mvua kutwa. Sijaongea na mtu.

Ijumaa, 5 Desemba

Baba aliniuliza ilikuwaje. Nilipomwambia kuhusu mkulima na aya akacheka hadi plasta ikagonga ukuta. Nikamwambia si jambo la kuchekesha. Akasema ni la kuchekesha sana, ila kwangu bado, na ningoje.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimemwomba Naufal radhi. Nilitayarisha maneno mengi, nikaishia kumwekea kahawa mbele na kukiri kwamba alisema kweli. Akasema sukari haitoshi.

Kisha tukafanya kazi. Nimegundua kwa nini anajua yale anayoyajua. Mama yake hakusoma. Tangu akiwa mdogo, Naufal ndiye aliyekuwa anampeleka hospitali, akijifanya mkubwa, na walipopotea mama yake alikuwa anamlaumu yeye mwenye shule. Alisema, "Mama angekuwa hai ningempa rangi. Aifuate rangi mpaka mlangoni, asiombe mtu." Alisema akiwa anachora, bila kunitazama.

Mimi niliyedhani anachekelea msiba.

Kwa hiyo sasa eksirei ni njano yenye mfupa, maabara ni nyekundu yenye tone, macho ni buluu yenye jicho. Utepe wa rangi unakwenda chini ukutani kutoka mlango mkubwa hadi mlango wa idara, na kibao kinatangulia kona. Picha ni za Naufal. Herufi ni zangu, ila nimezikata mikia yote. Nilikata moja baada ya nyingine nikiumia, na zilipokwisha nikazisogeza mbali, nikarudi hadi mwisho wa chumba, na bado zilisomeka. Ndiyo mara ya kwanza kwa siku nyingi nimefurahi na kazi yangu bila kuwaza nani ataisifu.

Alhamisi, 11 Desemba

Gazeti limetoka. Tumejaribu karatasi mpya hospitalini. Bi Shadliya alipita mara kadhaa bila kusema kitu, kisha akaja akaniuliza leo watu wamepungua au vipi, mbona hawajamwita. Watu hawakupungua.

Mkurugenzi amekubali viwekwe vya kudumu. Lakini vya kudumu vinataka mabati, na bati hana.

Jumatatu, 15 Desemba

Si Munsif ameniita kwenye ukumbi wa mitambo. Nilikwenda nimekunja uso. Alikuwa peke yake, amesimama karibu na yale mabati membamba ya kuchapia, ambayo kila ukurasa huchorwa juu yake kabla ya kwenda kwenye wino. Yamejaa ukuta mzima, ya matoleo yaliyopita. Akaniambia mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja jana akayapima. Baadaye, akasema, Naufal alimweleza habari za hospitali.

"Yachukue," akasema. "Yageuzeni, mpake rangi upande wa nyuma. Yamebeba habari maisha yao yote, yabebe na hii."

Nilimshukuru, na nikataka kuondoka, lakini yeye akawa anapapasa bati la juu kwa kiganja, kama mtu anayempapasa farasi atakayeuzwa. Akaniambia alianza kazi katika ukumbi ule ule akifagia, kabla ya kuwa mwandishi, kabla hajalinunua gazeti kwa waliokuwa wanataka kulifunga. Kwamba amelibeba kadiri alivyoweza. Kwamba alisema kurasa zinajipanga zenyewe kwa sababu angesema jingine lolote angelia mbele yetu.

Mimi niliyemwita mwoga sikujua niweke wapi mikono. Nikamwambia ukurasa wa mbele wa mwisho nitaufanya mwenyewe, na nilikuwa nawaza ukingo mweusi wa msiba.

"Usiniwekee ukingo mweusi, Jalila. Watu wana mizeituni ya kuchuma."

Jumamosi, 20 Desemba

Rangi kwenye kucha. Naufal amepaka tone jekundu kubwa mno, limekuwa kama nyanya. Tumelianza upya.

Alhamisi, 25 Desemba

Kandili limetoka mara ya mwisho.

Ukurasa wa mbele nimeweka picha moja tu, nyavu zimetandazwa chini ya mizeituni na mikono inakusanya, na juu yake maneno machache ya kuwashukuru wasomaji. Habari zote nyingine ziko ndani, kama wiki yoyote. Mchana tulikwenda wote ukumbini kuutazama mtambo ukigeuka. Mchapaji mkuu aliuacha uende hadi karatasi ya mwisho, akauzima, na sauti ikawa inashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. Hakuna aliyehutubia. Si Munsif akatugawia kila mmoja nakala, na mke wake akaleta sinia la kuskusi ya samaki, tukala tumesimama, vidole vyeusi kwa wino.

Nililia njiani, kwenye ukuta wa mji mkongwe, ambako hakuna anayekujali ukilia.

Baba amelisoma hadi matangazo ya vifo. Amelikunja. Amesema ukurasa wa mbele ni mzuri, ila mizeituni ya kwenye picha si ya kwetu, ya kwetu ina majani zaidi.

Jumatatu, 5 Januari

Baba ametolewa plasta. Mguu umekuwa mwembamba kama wa mtoto na anautukana kila hatua. Tulipita jengo la pili, tepe za rangi tayari, mabati bado, akanikataza nisimsukume kwenye kiti. Akashika mkongojo, akafuata njano.

Jumapili, 11 Januari

Tumemaliza mizeituni. Mafuta mwaka huu ni machungu kooni, ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Si Munsif alituma mtu kununua dumu, akaandikiwa na Baba kwamba kwa mhariri hauzi, anampa.

Alhamisi, 15 Januari

Mimi na Naufal tumepata chumba juu ya duka la viungo, karibu na Bab Diwan. Kinanuka bizari na mlango haufungi vizuri. Hospitali inataka majengo yaliyobaki, kidogo kidogo, kadiri watakavyoweza. Zahanati ya Mahres imeulizia, na Si Munsif amekuja kutuomba tuutazame ukurasa wa mtandaoni wa Kandili, maana, amesema akitazama dirishani, haujipangi wenyewe. Naufal alikunywa maji ili asicheke. Si kazi ya kututajirisha. Wiki nyingine zitakuwa tupu, najua. Lakini leo nimeamka na mahali pa kwenda.

Jumanne, 20 Januari

Mabati yote ya orofa ya chini yamefungwa jana. Leo nimekwenda peke yangu, nikakaa kwenye benchi mkabala na mlango mkubwa, nikiangalia miguu.

Akaingia baba mmoja amebeba binti yake begani, mtoto amelala, homa imemwekea mashavu rangi. Mkono mmoja kambeba, mwingine karatasi ya daktari. Mtu wa namna hiyo huwa anauliza. Niliona midomo yake ikijiandaa kuuliza. Kisha akainua uso, akaona tone jekundu, na midomo ikatulia. Hakusimama. Hakukitazama kibao changu kama kitu cha kutazama. Alikunja kona kama mtu anayekwenda chumbani kwake.

Nikanyanyuka nikamfuata kwa mbali, nihakikishe. Alifika mlango wa maabara, ukiwa wazi bado, akampa muuguzi karatasi, akaambiwa akae kidogo. Akakaa. Mimi nikawa nimesimama tu katikati ya korido, sijui nifanye nini. Aliponiona akanisogezea nafasi kwenye benchi, akidhani mimi pia ni mgonjwa.

"Na wewe, dada, unatafuta wapi?"

"Sitafuti," nikamwambia. "Nimeshafika."